"Picha Zina Ukungu": Kamera Nzima, Sendofu Iliyoharibika

Jina la mhusika na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa. Nitamwita Zuhura. Ameridhia kisa kiandikwe kwa sharti kwamba ukumbi, ukoo na fundi wasitajwe. Mimi ndiye niliyemsaidia, na kwa siku kadhaa za mwanzo nilimpoteza zaidi, kwa hiyo atakayesoma ajue kwamba mwandishi naye yumo kwenye kesi.

## Usuli

Zuhura ana kazi ya ofisini Posta. Alinunua kamera ya mtumba kwa laki sita na nusu: Canon EOS 1200D, toleo la mwaka 2014, megapikseli 18, ikiwa na lenzi mbili. Moja ni ile 18-55 inayokuja na kamera, yenye kitulizo cha mtikisiko wa mikono. Ya pili ni 50 mm ya f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia mwingi), ndogo, nyepesi, ile ambayo kila anayeanza huambiwa ainunue ili apate picha zenye "nyuma laini". Aliikagua dukani kama wengi tunavyokagua: akawasha, akapiga picha mbili za barabara, akaona zinatoka, akalipa.

Mazoezi yake yote aliyafanya Coco Beach, Jumapili asubuhi. Nimeziona picha hizo na ni nzuri kweli: watoto wanakimbia, wauza mihogo, mawimbi. Nyingi zimepigwa kwa f/8, kasi ya shata 1/400 (pazia la kamera linafunguka kwa 1/400 ya sekunde tu), ISO 100 (kiwango cha kamera kuukuza mwanga). Kwa mwanga wa namna ile hata mtu akipiga huku anapiga chafya picha inatoka. Jua lilikuwa linamsamehe makosa yote, naye akaamini hana makosa.

Akiwa na wiki tatu na kamera, binamu yake akachumbiwa. Kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ilishalipa ukumbi, mapambo, MC, muziki na video, na fungu la picha likaonekana mzigo wakati ndani ya ukoo yumo mtu mwenye kamera. Mama mdogo wake, ambaye ndiye mama wa binti, alisema maneno ambayo Zuhura anayakumbuka mpaka leo: "Mwanangu, wewe ndiye macho yetu siku hiyo."

Kabla ya siku yenyewe alipata ushauri mmoja kutoka kwa rafiki anayepiga picha: usivuke ISO 800, ukivuka picha inajaa chengachenga. Akaushika kama amri.

## Mambo yalivyokwenda

Sendofu ilikuwa Jumamosi, ukumbi mmoja maeneo ya Sinza, msimu wa joto. Zuhura alipanda gari la familia lenye AC, kamera ikiwa mapajani, foleni ikawakalisha karibu saa nzima. Walifika saa 12 jioni. Akashuka, akainua kamera ili apige binti anavyoteremka, na kwenye kidirisha cha kuchungulia akaona weupe mtupu. Akaifuta lenzi kwa ncha ya kanga, weupe ukarudi, akafuta tena. Baada ya dakika chache ukatoweka, akaendelea na kazi.

Ndani ya ukumbi alitumia lenzi ya 18-55 muda mwingi, akabadilisha kwenda 50 mm alipotaka picha za sura. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kilimwonyesha picha zilizotulia. Watu walikuja kuchungulia, wakamsifu. Alirudi nyumbani usiku wa manane na picha mia sita na kidogo, akalala amefurahi.

Asubuhi akazifungua kwenye kompyuta mpakato.

"Nilidhani kompyuta ndiyo mbovu," aliniambia. Akazihamishia kwenye kompyuta ya kaka yake, zikawa zilezile. Picha baada ya picha, nyuso hazina macho yanayosomeka.

Hapo ndipo neno lilipoingia. Zuhura alikwenda kwa fundi wa kamera akamwambia: "Picha zina ukungu." Fundi akasikia alichosikia. Kwa Kiswahili chetu ukungu ni ule wa asubuhi kwenye bonde, na ukungu ni ule unaoota kwenye mkate. Kwa fundi wa lenzi hapa Dar ukungu ni kitu cha tatu, anachokiona kila wiki: kuvu inayojenga utando kama wa buibui ndani ya vioo kwa sababu ya unyevu wa pwani. Akafungua lenzi, akasafisha, akatoza elfu 35, na akamuuzia filta ya kioo ya kuvisha mbele kwa elfu 15, "ikinge."

Picha hazikubadilika. Basi Zuhura akaanza kuishuku fokasi ya kamera yenyewe, yaani inavyolenga mahali pa kuwa na ukali. Alikuwa ameona tangu siku ya kwanza kwamba akichungulia kwenye kidirisha, kila kitu kina ulaini fulani, hata kamera inapolia "pii" kuashiria imeshika. Alidhani ndivyo kamera za mtumba zilivyo. Sasa akaona amepata mwizi: kamera inadanganya. Akasogeza swichi iliyo ubavuni mwa lenzi kutoka AF (kamera ishike fokasi yenyewe) kwenda MF (fokasi ya mkono), akaanza kuzungusha pete kwa mkono akitegemea jicho lake. Alifanya hivyo wiki mbili. Picha zikawa mbaya kuliko za sendofu.

Ndipo aliponitafuta kwa WhatsApp. "Shikamoo kaka. Kamera yangu inatoa picha zenye ukungu, naomba unisaidie." Akanitumia picha sita. Nikaziangalia kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikamjibu kwa kujiamini: mikono inatikisika, panda kasi ya shata mpaka 1/200, tatizo limekwisha. Akafanya hivyo. Siku ya tatu akaandika: "Kaka, nimepanda, lakini bado. Sasa nyingine zimekuwa nyeusi pia."

Nikaona aibu kidogo, nikamwambia tuonane Mwenge, aje na kamera, lenzi zote mbili, filta, na picha zenyewe kwenye kadi, zisizopita WhatsApp.

## Tulivyozisoma picha

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoigusa kamera kabisa. Tuliagiza chai, tukafungua kompyuta, na nikamwomba achukue kila picha ya kumi kati ya zile mia sita. Tukapata 60. Kila moja tuliikuza mpaka saizi yake kamili, tukaangalia na taarifa zake: lenzi ipi, tundu lipi, shata ngapi, ISO ngapi. Kisha swali moja tu kwa kila picha: je, kuna kitu chochote ndani ya fremu hii chenye ukali?

Picha moja naieleza kwa kirefu maana ndiyo iliyofungua kesi. Ni ule wakati MC anamtaka binti apite kati ya meza amtafute mchumba wake, ukumbi mzima unapiga vigelegele, naye anamwona na kumshika mkono ili akamtambulishe kwa wazazi. Zuhura alikuwa mahali sahihi kabisa. Kwenye picha, binti ana nyuso mbili zilizopishana, shada lake limekuwa mstari mwekundu, na mchumba anayeinuka kwenye kiti hana kichwa cha kueleweka. Lakini mbele yao, mezani, kuna chupa ya maji. Tulipoikuza, maandishi ya lebo yanasomeka mpaka ujazo. Taarifa za picha: 55 mm, f/5.6, 1/15, ISO 800.

Chupa hiyo ilimwachia huru fundi, lenzi na mikono ya Zuhura kwa pamoja. Lenzi mbovu haitoi maandishi yale. Mikono inayotikisika ingetikisa chupa pia. Kitulizo cha lenzi kilifanya kazi yake, kikaituliza kamera, ila hakina uwezo wa kumtuliza binti anayetembea. Mtu anayesogea mita moja kwa sekunde husogea karibu sentimita 7 ndani ya 1/15 ya sekunde. Hata tungemfungia Zuhura kwenye nguzo, picha ile ingecheza.

Ya pili ilikuwa ya 50 mm, binti amekaa, shada amelishika mbele ya kifua, f/1.8, 1/125. Hakuna kilichocheza. Juu ya ua moja kuna tone la maji, na ndani ya tone unaona taa ya mpiga video. Uso ulio sentimita 20 nyuma ya ua lile ni kama umetazamwa kupitia chandarua. Fokasi ilishika kweli, ila ilishika ua. Kamera ilikuwa imeachwa ijichagulie yenyewe kati ya alama zake 9 za fokasi, na ikiachwa hivyo hupenda kilicho karibu chenye mistari iliyokolea. Kwa lenzi hiyo, f/1.8, umbali wa mita moja na nusu, kina cha ukali, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali, ni kama sentimita 6 tu. Ncha ya pua na sikio haviwezi kuwa ndani pamoja, sembuse ua na jicho.

Aina ya tatu zilikuwa zile za mwanzo, gari lilipofika. Hizi hazikuwa na kitu chochote chenye ukali, lakini pia hazikuwa na mstari wa kucheza. Kila kitu kimepauka kwa kiwango kimoja, suti nyeusi imekuwa ya kijivu, taa za gari zimevaa duara la moshi. Huu ndio ukungu hasa, wa mvuke. Kioo kilichopoozwa na AC kikikutana na hewa ya nje ya Dar, ambayo msimu ule imebeba maji kama sifongo, mvuke unaganda juu yake papo hapo, sawasawa na chupa ya soda baridi inavyotoa jasho mezani.

Hesabu ya zile 60 ilikuwa hivi: 24 zimecheza kwa sababu ya shata, 17 fokasi imekwenda pengine, 5 za mvuke, na 14 nzuri. Nane kati ya mbovu zilikuwa na magonjwa mawili, tukaziweka kwenye lililo kubwa.

Nilikuwa nimetibu kundi moja tu kati ya matatu, tena kwa kubahatisha. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuzifuta zile taarifa za ndani. Kwenye simu yangu aina zote tatu zilionekana sawa: laini.

## Kidirisha

Ulibaki mkanganyiko mmoja. Kama fokasi ya kamera ni nzima, kwa nini alipotumia mkono mambo yakawa mabaya zaidi?

Nilichukua kamera nikachungulia. Kweli, laini. Nikataka kusema "lenzi", halafu nikashusha jicho kwenye tarakimu za kijani zilizo chini ndani ya kidirisha, zile zinazoonyesha shata na tundu. Nazo zilikuwa laini. Tarakimu zile hazipiti kwenye lenzi. Zimo ndani ya mwili wa kamera. Kama hazisomeki vizuri, tatizo liko kati ya jicho na kidirisha, na lenzi haimo.

Pembeni ya kidirisha kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hukiona miaka mitatu bila kujua ni cha nini. Kazi yake ni kurekebisha kidirisha kilingane na nguvu ya jicho la mpigaji, kama miwani. Mwenye kamera wa kwanza alikiweka kwa jicho lake. Nikamwambia Zuhura aelekeze kamera kwenye ukuta mweupe, asijali kilicho nje, atazame tarakimu tu, azungushe taratibu.

Akazungusha. Akanyamaza. Akaondoa kamera usoni, akairudisha.

"Kaka, kumbe naonaga!"

Kigurudumu hicho hakiharibu picha hata moja, na kisingeokoa sendofu peke yake. Lakini kilimfanyia mambo mawili mabaya. Usiku wa sendofu kilimzuia kuona kwamba kilichoshikwa ni ua na uso umeachwa. Baadaye kikamfanya asiamini mashine iliyokuwa inasema kweli, akaiamini miwani isiyo yake.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikubaliana asibadilishe mambo mengi kwa mpigo. Alishafanya hivyo, fundi, filta, MF, shata, na kila alipobadilisha vitu viwili hakujua kipi kimesaidia.

Tulianza kwa kuihukumu lenzi, ili neno "mbovu" liondoke mezani. Nyumbani kwake tulibandika kalenda ya ukutani yenye tarakimu kubwa na ndogo. Kamera tukaiweka mezani juu ya mfuko wa mchele kilo mbili, umbali wa mita moja na nusu, 50 mm, f/1.8, alama ya fokasi ya katikati, saa ya kuchelewesha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Picha tatu kwa kutumia kidirisha, kisha tatu kwa kutumia kioo cha nyuma. Sababu ya kufanya mara mbili ni kwamba kwenye kamera hii njia hizo mbili hutumia mifumo tofauti ya fokasi: kidirisha hutegemea kipimio cha pembeni, kioo cha nyuma husoma sensa yenyewe, kile kipande kinachorekodi picha. Kama za kidirisha zingekuwa laini na za kioo kali, ningejua kipimio kimepotoka, na 1200D haina menyu ya kulirekebisha hilo, ingebidi iende kwa fundi. Zikatoka sawa, zote kali. Kamera haina kosa.

Filta tuliijaribu usiku kwa taa ya barabarani. Ikiwepo, picha ina nukta za kijani zinazoelea upande wa pili wa taa. Ikiondolewa, hakuna. Ukumbi wa sherehe ni taa tupu, kwa hiyo ikatoka. Zuhura aliumia kwa ile elfu 15, lakini ikatoka.

Kuhusu ISO nilipinga ule ushauri waziwazi. Chengachenga ni kasoro ya picha, picha iliyocheza si picha. Hesabu tulifanya kwa ile ya binti na mchumba: kutoka 1/15 kwenda 1/125 kunahitaji mwanga mara nane. Lenzi ya 50 ikifunguliwa f/2.8 badala ya f/5.6 inaleta mara nne. ISO 1600 badala ya 800 inaleta mara mbili. Nne mara mbili, nane, imetosha, hata 3200 hatujafika. Nikamwekea kamera kwenye M (shata na tundu anachagua mpigaji mwenyewe), ISO ya otomatiki yenye kikomo cha 3200, shata 1/125 kwa watu wanaoongea au kukaa na 1/250 kwa wanaocheza muziki. Wako walimu wanaopendelea mtu aanze na kamera ijiamulie nusu ya mambo. Mimi kwa kumbi zetu za jioni sipendi, maana kamera ikijiamulia hurudi kwenye 1/15 bila kukuaga.

Kwa lenzi ndefu nilimpa kanuni ya zamani ya kidole gumba: shata isiwe ya polepole kuliko moja gawanya kwa urefu wa lenzi, na kwa sensa hii ndogo zidisha kwanza kwa 1.6. Hivyo 50 mm ni 1/80, na 55 mm ni kama 1/90. Hiyo ni kwa ajili ya mikono tu. Anayepigwa picha ana hesabu yake.

Fokasi: alama moja ya katikati, iwekwe kwenye jicho lililo karibu, na kwa anayetembea abadilishe kwenda ile hali iliyoandikwa AI Servo ambayo humfuata mtu. Sura zipigwe kwa f/2.8, si f/1.8, mpaka atakapozoea.

AC: kamera ikae ndani ya mfuko uliofungwa zipu njia nzima, na ukifika uache ukiwa umefungwa nusu saa ili ipate joto polepole. Maana yake ni kufika mapema. Hili ndilo lililomsumbua kuliko yote, kwa kuwa foleni ya Dar haina ratiba.

Na moja ambalo halimo kwenye vitabu vya kamera: simama upande wa taa ya mpiga video. Yeye amelipwa kubeba jua lake, na tukio lolote kubwa atalimulika. Msalimie mapema, mkubaliane nani anapita wapi, na utapiga kwa mwanga wake usiku kucha bila senti.

## Matokeo

Wiki tano baadaye Zuhura alipiga kitchen party ya jirani, Tabata, bila malipo, kwa makubaliano kwamba ni mazoezi. Alinitumia picha kwa WhatsApp kama dokumenti, hivyo zikafika nzima. Nilifanya mchezo uleule wa kila ya kumi. Kati ya 40 nilizoangalia, 31 zilikuwa na jicho lenye ukali. Sita zimecheza, zote za kucheza muziki ambapo alisahau kupanda kutoka 1/125. Mvuke, hakuna hata moja. Chengachenga zipo, na hakuna aliyeziona zaidi ya mimi na yeye.

Sendofu haikuokoka. Programu za kunoa picha hunoa kilichopo, na jicho ambalo halikurekodiwa halina cha kunolewa. Alijaribu siku tatu, nikamwambia aache. Alichagua picha 80 zilizo salama, akampelekea mama mdogo zikiwa zimechapwa, akamweleza ukweli bila kuitupia kamera lawama. Mama mdogo alizipokea, akashukuru, na albamu ya familia ikajazwa na picha za simu za wageni. Wakati wa kumtambulisha mchumba umebaki kwenye video tu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kutafuta kitu chenye ukali ndani ya picha mbovu. Kikiwepo na aliyepigwa ana mistari, shata. Kikiwepo lakini mbele au nyuma ya unayemtaka, fokasi. Kisipokuwepo na fremu nzima imevutwa upande mmoja, mikono. Kisipokuwepo na kila kitu kimepauka, kioo kina mvuke, mafuta ya vidole au kuvu. Kazi ya dakika kumi, na tuliifanya baada ya wiki tano za kuhangaika.

Kilichoshindwa kwanza ni neno. Zuhura alisema "ukungu" mara tatu kwa watu watatu. Fundi akatibu kuvu ambayo huenda haikuwepo. Sina ugomvi naye, alitibu alichoambiwa. Mimi nikatibu mikono. Yeye mwenyewe akatibu kamera. Tangu kisa hiki siwaruhusu wanafunzi wangu walitumie hilo neno isipokuwa kwa mvuke na kuvu. Vingine viitwe: *imecheza*, au *haijashika*. Mtu akiniambia "haijashika" najua niulize imeshika wapi.

Kilichoshindwa pili ni kioo cha nyuma. Picha ya megapikseli 18 ikibanwa kwenye inchi 3 huonekana kali hata ikiwa imecheza. Kitufe cha kukuza kipo, na angekibonyeza mara moja saa 2 usiku angeona nyuso mbili za binti, na sherehe ilikuwa bado na masaa matatu mbele. Sasa anakuza picha moja kila wanapobadilisha tukio.

Kosa langu la WhatsApp nimeshalisema. Niongeze kwamba hata ushauri wangu wa 1/200 ulikuwa nusu, kwa kuwa sikumwambia mwanga uliopotea aulipie wapi. Ndiyo maana picha zikawa nyeusi.

Hali ya pwani inastahili neno. Ile dakika ya kufuta lenzi kwa kanga iliacha mafuta ya ngozi na manukato juu ya kioo, na baadhi ya picha za taa za ndani bado zina duara jepesi. Kitambaa laini cha lenzi ni bei ya sahani ya chipsi. Na lenzi iliyolowa mvuke ikitupwa kabatini Dar es Salaam bila pakiti za kukausha unyevu, ile kuvu ya fundi itakuja kweli. Zuhura ameziweka lenzi zake kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikishiba unyevu anabadilisha.

Doa moja limebaki kwenye kitchen party. Kuna picha ya watu watano: watatu wamekaa, wawili wamesimama nyuma ya viti. Waliokaa wana ukali wa kutosha kuhesabu shanga, waliosimama wamelainika. Alikuwa amebadilisha kwenda f/2 kwa picha ya mtu mmoja, akasahau. Kwa 50 mm na umbali wa mita nne, f/2 inampa ukali usiozidi nusu mita, na nyuma ya anayeshikwa fokasi haifiki sentimita 30. Kwa f/5.6 wote watano wangeingia. Nilipomwonyesha alicheka, akasema mmoja wa waliosimama ni mwenye shughuli, na ameshaulizia. Jumamosi ijayo ana nyingine Mbagala, hii ya kulipwa, na ameshampigia mwenyekiti wa kamati kuomba benchi refu ili watu wakae mstari mmoja.